Sega Rally na vumbi la Safari

Leo tuweke hifadhidata kando tuzungumze gemu. Si hizi za simu, bali ile mashine kubwa ya Sega yenye kiti, usukani na gia, unatia sarafu ndipo unaendesha: Sega Rally Championship. Huku kwetu Ukunda na Msambweni wengi tuliijua kwa toleo la kompyuta, au baadaye kwa emuleta, si kwa mashine yenyewe. Lakini historia yake inatugusa kuliko tunavyodhani.

Gemu hii ni ya katikati ya miaka ya 1990, kazi ya kikundi cha Tetsuya Mizuguchi huko Japani. Mwanzoni unapewa magari mawili tu: Toyota Celica GT-Four na Lancia Delta HF Integrale. Sasa fungua orodha ya washindi wa Safari Rally. Miki Biasion alishinda 1988 na 1989 kwa Lancia Delta Integrale. Björn Waldegård, 1990, Celica. Juha Kankkunen, 1991, Lancia. Carlos Sainz, 1992, Celica. Kankkunen tena 1993, Celica. Halafu 1994 akaja Mkenya, Ian Duncan, Celica pia. Miaka saba mfululizo, na hakuna gari jingine lililoshinda Kenya ila hayo mawili! (Kwa wanaopenda ubishi: Celica ya Duncan ni ya kizazi kilichotangulia ile ya kwenye gemu.)

Njia ya kwanza ya gemu ni vumbi tupu, na kando yake kuna wanyama wa mbugani. Ukiwaona unajua walichota wapi. Lakini jina la Kenya halimo, wameiita Jangwa. Jangwa! Aliyewahi kukwama kwenye tope la Kinango wakati wa masika atacheka sana.

SNK nao walitoa gemu ya mashine iliyoitwa Safari Rally mwaka 1979. Hiyo ilikuwa gari la kula nukta vichochoroni, basi. Walichukua jina wakaacha barabara. Sega walifanya kinyume, na kwangu mimi hao ndio waliotuheshimu zaidi, kwa sababu ya msuguano.

Gemu nyingi za magari zilizotangulia ziliijua barabara kama kitu kimoja: uko juu yake unakimbia, umetoka unapunguzwa mwendo. Sega Rally ikaipa kila ardhi mshiko wake. Ukitoka kwenye lami kuingia changarawe, tairi zinaachia, mkia wa gari unateleza, na unalazimika kugeuza usukani mapema, kabla kona haijafika. Kwa mwandishi wa programu ni namba moja inayobadilika kulingana na kilicho chini ya gurudumu. Kwa dereva wa bodaboda anayeiacha lami ya Diani na kuingia mchanga wa vichochoro vya kuelekea ufukweni, ni jambo analolijua mwilini bila kuambiwa. Na hesabu zote hizo zilifanywa na mashine ya Model 2, yenye procesa ya Intel i960 ya megahezi 25. Simu yako ya bei rahisi ina nguvu mara nyingi zaidi.

Toleo la Sega Saturn lilificha gari la tatu, Lancia Stratos. Hilo Safari iliwakatalia: mwaka 1975 lilimaliza la pili na la tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Ndiyo, Peugeot 504, ndugu wa zile zilizobeba abiria wetu wa safari ndefu. Andersson huyohuyo ndiye aliyekuja kuiongoza timu ya Toyota ya Ulaya iliyoleta zile Celica.

Safari yenyewe ilitolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudishwa 2021, makao yake Naivasha. Mkiipata gemu, chagueni Lancia na gia za mkono. Celica ni rahisi mno.