Maghorofa ambayo sitayapanda

Nimepotea wiki kadhaa, mniwie radhi. Kulikuwa na programu ya kupima miwa ambayo ilikuwa ikijumlisha kilo vizuri mchana kutwa, halafu ikifika jioni inakosea. Nimeitatua, nimelala, sasa nimerudi. Leo lakini sitaki kuandika habari za programu. Nataka kuandika juu ya maghorofa, na hasa yale ambayo hayapo tena.

Najua mtasema mtu wa Awasi na maghorofa wapi na wapi. Ni kweli. Kwetu ni uwanda wa Kano, nchi imelala kama mkeka. Ukisimama pale njia panda ya kwenda Chemelil, kilicho juu ni milima ya Nandi, na baada ya hapo ni minara ya simu. Lifti ya kwanza niliyopanda ilikuwa Kisumu, na nilishuka kwa ngazi kwa sababu sikuiamini. Labda ndiyo maana mambo haya yananisumbua. Aliyezaliwa kwenye tambarare anapenda kuangalia juu.

Habari yenyewe ilianza na cherehani. Mama yangu ni fundi wa nguo, na kwa miaka mingi alikaa kwenye baraza la duka moja pale sokoni na cherehani yake nyeusi ya kukanyaga, imeandikwa SINGER kwa rangi ya dhahabu. Hilo ndilo neno la kwanza nililosoma maishani, kabla ya jina langu. Mwaka 2004, nikiwa Kisumu kwenye saiba, nimelipia nusu saa na sina wa kumwandikia barua pepe, nililiandika neno hilo kwenye mtandao ili nione tu kitatokea nini. Ikaja picha ya mnara.

Kampuni ya cherehani ilikuwa na jumba lake New York, lililochorwa na Ernest Flagg na kukamilika mwaka 1908. Orofa 47, urefu wa mita 187. Kwa muda mfupi lilikuwa ndilo jengo refu kuliko majengo yote duniani, hadi mwaka uliofuata lilipopitwa na jingine papo hapo New York. Hebu fikirieni! Pesa za akina mama waliokuwa wakilipia cherehani kidogo kidogo, katika nchi nyingi za dunia, zilipanda juu zikawa mnara wa mawe na matofali na paa la duara kama kofia. Nikasema moyoni, siku nikienda Marekani nitapanda hapo juu, nimpigie mama picha.

Nikateremsha ukurasa. Jumba lilianza kubomolewa mwaka 1967.

Sababu yake ni ya kihasibu kabisa. Ule mnara ulikuwa mwembamba, kama mita 20 tu kila upande, na ukitoa nafasi ya lifti na ngazi, ofisi zilizobaki kwenye kila orofa zilikuwa finyu. Kiwanja kilikuwa na thamani kuliko kilichosimama juu yake. Likaja jengo jipya, pana, jeusi, lenye nafasi kubwa kwenye kila orofa. Kwa zaidi ya nusu karne Singer ndilo lililokuwa jengo refu kuliko yote yaliyowahi kubomolewa na wenyewe kwa hiari, hadi lilipobomolewa lile la 270 Park Avenue, mji uleule, kuanzia 2019. Nilikaa pale saiba nikiwa na uchungu wa kufiwa na kitu ambacho dakika kumi nyuma sikujua kwamba kiliwahi kuwepo. Kisha mwenye saiba akaniambia muda wangu umekwisha.

Ile minara miwili ya World Trade Center, yenye orofa 110 kila mmoja, sina la kuongeza. Dunia nzima iliiona ikianguka Septemba 2001. Lakini sisi Wakenya tulikuwa tumetangulia kuonja. Tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, bomu la kwenye gari lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Watu 213 walikufa hapa, na wengine 11 Dar es Salaam. Jirani na ubalozi palikuwa na jumba la Ufundi, la kawaida kabisa, lenye ofisi na chuo cha uhazili. Liliporomoka lote. Co-operative House, refu kuliko lile kwa mbali na lililokuwa karibu nalo, lilivunjika vioo likabaki wima. Hakuna mtu aliyewahi kutamani kutalii Ufundi House. Lilikuwa jumba la kwenda na kurudi, la kujifunza kupiga taipu upate kazi. Kila nikipita Haile Selassie Avenue nalifikiria hilo kuliko Singer, na sijawahi kuona kadi ya posta yenye picha yake.

Sasa nifike ninapokwenda. Baada ya mambo ya Singer nilijiuliza: je, sisi Afrika Mashariki, jumba letu la kwanza la kuangaliwa kwa shingo iliyopinda lilikuwa lipi? Wengi mtasema KICC, na ni haki yenu, orofa 28, limesimama tangu 1973. Lakini miaka 90 kabla ya KICC palikuwa na Beit al-Ajaib, Unguja.

Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash bin Said, mbele ya bahari, pale Forodhani. Haikuwa nyumba ya kulala. Ilikuwa ya karamu na kupokea wageni, na ya kuwaonyesha hao wageni kwamba Zanzibar haiko nyuma. Ukumbi wa katikati ulikuwa wazi hadi juu, veranda zikizunguka kila orofa juu ya nguzo za chuma zilizoletwa kwa meli, milango ya nakshi iliyoandikwa aya za Kurani. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba nyingine za Mji Mkongwe, ila zimepandishwa juu kuliko zote. Ndiyo nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na ya kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Watu wa programu tunapenda kusema teknolojia imetufikia kwa kuchelewa. Huko kwetu reli ilifika ziwani mwaka 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence. Wakati huo Beit al-Ajaib ilikuwa imeshasimama Unguja kwa miaka mingi.

Mbele ya jumba palikuwa na mnara wa taa, umesimama peke yake karibu na maji, wenye safu za taa zilizowaka usiku. Mabaharia wa Kiingereza waliupa jina la utani, mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 wanamaji hao wa Kiingereza wakaupiga mizinga. Ni ile vita iliyoandikwa kwenye vitabu kuwa fupi kuliko vita zote: Khalid bin Barghash alikuwa amejitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza, na saa tatu na dakika mbili asubuhi manowari zikaanza. Saa tatu na dakika arobaini kwisha. (Vitabu vya Kizungu vimeandika saa tisa, msichanganyikiwe; kosa hilo la saa sita limeshanipotezea siku nzima kwenye kazi ya kuprogramu.) Watu kama 500 upande wa jumba la kifalme walikufa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm, jumba la jirani, likaharibiwa kabisa. Mnara wa taa ukaharibika. Beit al-Ajaib, kwa maajabu yake, ikaumia kidogo tu.

Ilipotengenezwa mwaka 1897, mnara haukurudishwa ulipokuwa. Walijenga mnara wa saa uliounganishwa na uso wa jumba lenyewe, na ndio huo mnaouona kwenye picha zote. Ikawa makao ya ofisi za serikali ya Waingereza, ikapita mapinduzi ya 1964, na miaka ya 2000 ikawa jumba la makumbusho.

Na hapa ndipo mama anaingia tena. Katika ule ukumbi wa katikati waliweka mtepe, uliopewa jina la Shungwaya, uliotengenezwa mwaka 2003 kwa kufuata mitepe ya kale. Mtepe ni jahazi la mbao zilizoshonwa. Hauna msumari hata mmoja, ni kamba za makumbi ya nazi zinazopita kwenye matundu. Nilipomsimulia mama alisimamisha mguu kwenye cherehani. Akaniuliza, kwa Dholuo, mshono wa namna gani? Unaingia maji au hauingii? Nikamwambia tutakwenda wote akaone mwenyewe.

Mwaka 2013 nilipata kazi ya wiki mbili Dar es Salaam, na Jumamosi moja nikapanda boti kwenda Unguja. Nilikwenda kama mpelelezi, nione njia na bei ili nije na mama. Mlango ulikuwa umefungwa. Mwaka uliotangulia sehemu ya veranda ilikuwa imeanguka, na wageni hawakuruhusiwa kuingia. Nilikaa Forodhani na sahani ya urojo nikiitazama kwa saa nzima, nikahesabu nguzo, nikapiga picha nne kwa simu yenye kamera mbovu. Sikuhuzunika sana, sitawadanganya. Jumba lililonusurika mizinga ya 1896 litashindwa kuningoja miaka miwili mitatu?

Tarehe 25 Desemba 2020 nilikuwa nyumbani Awasi, watu wamejaa, kuku wamechinjwa. Simu ikaanza kulia. Sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilikuwa imeporomoka pamoja na mnara wa saa, wakati mafundi wakiikarabati kwa fedha zilizotolewa na Oman. Wafanyakazi wawili walikufa. Nilipomwonyesha mama picha ya vumbi na mawe hakuuliza habari za mnara. Aliuliza, "Wewe uliwahi kuingia?" Nikasema hapana.

Kwa nini liliporomoka wataalamu wataeleza kwa vipimo vyao, mimi si mhandisi wa majengo. Lakini yeyote aliyekaa pwani anajua tabia ya vitu hivi. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, linanyonya maji. Chokaa huyaachia maji yakatoka, saruji huyafungia ndani. Paa likivuja, boriti inaoza kimyakimya. Chuma kikila chumvi hutoa kutu, kutu huvimba na kupasua jiwe. Hakuna kati ya hayo kinachotokea siku moja. Ni kama mfumo wa kompyuta unaoonekana mzima kwa sababu skrini inawaka, kumbe diski inakufa. Na katika kazi yetu angalau mtu huweka nakala rudufu.

Nakala rudufu ndiyo niliyojaribu kutengeneza. Nilianza mwaka 2021, usiku baada ya kazi. Kuna programu zinazolinganisha picha nyingi za kitu kimoja na kukisia umbo lake, kisha zinakupa mchoro wa pande tatu unaoweza kuuzungusha. Nikakusanya picha za Beit al-Ajaib kutoka kila kona ya mtandao, nikaongeza na zile zangu nne mbovu. Upande wa bahari ulitokea vizuri mno, hadi kivuli cha veranda. Nikauzungusha mchoro kuona nyuma, na nyuma hakuna kitu! Tundu jeusi. Ndani vilevile. Watalii wote, tangu enzi za wapiga picha wa Barghash hadi za simu, wamesimama palepale Forodhani nilipokula urojo wangu. Tuna uso wa jumba lile mara elfu, na ngazi zake hatuna.

Serikali ya Zanzibar imeahidi kulijenga upya, na nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Litakuwa jumba zuri, naamini, lakini mnara wake utakuwa wa tatu, na mimi nilikuwa na hamu ya ule wa pili. Tena nataka kujua vitu ambavyo havimo kwenye ramani za ujenzi. Mbao za sakafu zililia ukizikanyaga? Upepo wa bahari ulifika hadi ukumbini? Ukiwa veranda ya juu kabisa unaangalia bandari, uliuona mtepe kule chini ukigeuka nyuma?

Wiki iliyopita nilimletea mama kompyuta sokoni nikamwonyesha mchoro ulipofikia. Ameacha kushona kwa siku nzima sasa, macho, lakini cherehani ni ileile. Akaangalia, akasema ni kizuri, halafu akaniuliza mtu anapandia wapi. Kwa hiyo ninyi mliowahi kuingia kabla ya kufungwa, wanafunzi mliopelekwa na shule, walimu, waongoza watalii, ninaomba picha zenu za ndani. Hata zilizotikisika, hata zile ambazo shangazi amesimama mbele akaziba nusu. Na hasa, kama kuna aliyepiga ngazi.