Mama mdogo ana mawazo

Kama unakaa London ya kaskazini, labda umeshapita Friern Barnet ukaliona lile jengo refu la zamani. Sasa hivi ni fleti za bei mbaya. Lakini lilifunguliwa mwaka 1851 kama hospitali ya wagonjwa wa akili, likiitwa Colney Hatch, na likafungwa 1993.

Kuingia pale kulikuwa rahisi kuliko kutoka. Kwa sheria ya 1890, maskini alipelekwa kwa amri ya hakimu na cheti cha daktari. Walipelekwa pia Wayahudi wahamiaji wa East End, na wengine walijua Kiyidi tu. Fikiria: unaulizwa unaumwa nini, na lugha yako hakuna anayeijua.

Mwaka 1954, Uingereza na Wales zilikuwa na wagonjwa karibu 150,000 kwenye hospitali za aina hii. Kisha zikaja dawa mpya, na sheria ya 1959 ikamwondoa hakimu. Sasa walihitajika madaktari, pamoja na ndugu wa karibu au afisa wa kaunsili, yaani afisa wa ustawi wa akili. Huyu ndiye aliyebisha hodi, akakaa na familia, akaamua kama kuna haja ya kuomba mtu alazwe bila ridhaa yake. Mwaka 1961 Waziri wa Afya, Enoch Powell, akatangaza kwamba hospitali zile kongwe lazima ziondoke.

Vitanda vikapungua kweli. Ila idadi ya wanaolazwa ikapanda, maana watu walikaa muda mfupi, wakatoka, wakarudi tena. Hospitali zilifungwa, lakini huduma za mtaani zilizoahidiwa hazikutosha.

Leo, England peke yake, watu hulazwa kwa lazima zaidi ya mara 50,000 kwa mwaka. Na sisi watu weusi tunalazwa hivyo kwa kiwango cha zaidi ya mara tatu ya wazungu. Sababu ziko nyingi. Mojawapo naijua kwa sababu niliishiriki.

Nilikuwa na miaka 13 afisa alipokuja kwetu kumwona mama mdogo. Mkalimani hakuwepo, kwa hiyo nikawa mimi. Mama akasema, "Mwambie mama yako mdogo ana mawazo." Nikatafsiri neno kwa neno: anafikiria sana. Afisa akatabasamu, akaandika, akaondoka.

Wewe unajua "ana mawazo" ni nini. Ni mtu halali, hali, amebeba mzigo. Mimi sikujua kuusema kwa Kiingereza. Miezi miwili baadaye mama mdogo alichukuliwa usiku, na polisi mlangoni.

Amepona, alhamdulillahi, na amenipa ruhusa niandike haya. Kwa hiyo wakibisha hodi kwenu, dai mkalimani wa kazi hiyo. Miongozo ya sheria inamtaka yeye, siyo mtoto wa nyumba. Wewe kaa karibu na mgonjwa wako, umshike mkono.