Mali bila Daftari: Mwongozo wa Mauzo, Mawasiliano na Kujiendeleza kwa Wafanyabiashara Wadogo

Wapo wafanyabiashara wengi ambao hufungua kibanda alfajiri, huuza hadi jioni, na mwisho wa mwezi hushindwa kueleza fedha imekwenda wapi. Wateja wamekuja na bidhaa zimetoka, lakini kodi ya kibanda imekopwa na mzigo mpya hauna fedha ya kuununua. Wahenga walilieleza jambo hili kwa maneno machache: mali bila daftari huisha bila habari. Makala hii inaeleza mambo matatu yanayoamua kama biashara ndogo itadumu au itafungwa, nayo ni namna ya kuuza, namna ya kuzungumza na mteja, na namna mwenye biashara anavyojisimamia yeye mwenyewe.

Nani ni mfanyabiashara mdogo

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iliziainisha biashara nchini Tanzania kwa idadi ya wafanyakazi na ukubwa wa mtaji. Biashara yenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 iliwekwa katika kundi la biashara ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji unaozidi milioni 5 hadi milioni 200 ni biashara ndogo. Wauza genge, mama lishe, mafundi cherehani, wamachinga na wenye maduka ya mtaani wengi wao wamo katika kundi la kwanza. Katika kundi hilo mwenye mali ndiye muuzaji, mtunza fedha na mnunuzi wa mzigo, hivyo kosa dogo la mtu mmoja huigusa biashara nzima.

Bei huanza na gharama

Wengi hupanga bei kwa kumtazama jirani. Ni vyema kujua bei ya soko, lakini bei ya jirani haimwambii muuzaji kama yeye anapata faida. Chukulia muuzaji wa mchele aliyenunua gunia la kilo 100 kwa shilingi 220,000. Usafiri umemgharimu shilingi 8,000 na mifuko ya kufungia shilingi 2,000. Gharama yote ni shilingi 230,000, yaani shilingi 2,300 kwa kila kilo. Akiuza kilo kwa shilingi 2,600, anapata faida ya shilingi 300 kwa kilo, na shilingi 30,000 kwa gunia zima.

Sasa mteja anaomba apunguziwe shilingi 200 kwa kilo. Kwa mteja hilo ni punguzo dogo, kwa kuwa amekwisha kutajiwa 2,600. Kwa muuzaji, faida imeshuka kutoka shilingi 300 hadi 100. Ili apate faida ileile ya gunia moja, itambidi auze magunia matatu. Asiyejua gharama yake hukubali punguzo hilo kila siku na kujisifu kuwa wateja ni wengi.

Hii haina maana kwamba kupatana bei kuachwe. Kupatana ni sehemu ya soko la Kitanzania, na mteja asiyesikilizwa huondoka. Busara ni kutoa punguzo linaloongeza mauzo. Muuzaji huyohuyo anaweza kumwambia mteja kuwa akichukua kilo 10 atamuuzia kwa shilingi 25,500 badala ya 26,000. Mteja ameokoa shilingi 500, na muuzaji amepata faida ya shilingi 2,500 kwa mteja mmoja.

Kumkaribisha na kumsikiliza mteja

Biashara haigombi, husema wafanyabiashara wa pwani na bara. Mteja anayesimama mbele ya kibanda asaliamiwe kwanza kabla ya kuulizwa anataka nini. Mtu mzima apewe shikamoo yake, na kijana aitwe kwa heshima. Muuzaji anayejibu huku macho yakiwa kwenye simu amemwambia mteja, bila kutamka neno, kwamba hahitajiki.

Baada ya salamu, kazi kubwa ni kusikiliza. Mteja anayeulizia kitambaa anaweza kuwa anatafuta sare ya harusi, nguo ya kazini au zawadi ya mama mkwe, na kila hitaji lina jibu lake. Maswali mawili au matatu yanatosha: ni kwa ajili ya nani, kitatumika lini, na amepanga kutumia kiasi gani. Muuzaji akishajua hayo, huonesha bidhaa mbili au tatu zinazofaa. Akirundika ishirini, mteja huchanganyikiwa na kuahidi kupita baadaye.

Ukweli ndio msingi wa mauzo ya kudumu. Kitenge kinachochuja rangi kisemwe kuwa kinachuja, na simu iliyotumika isemwe kuwa imetumika. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Hata pasingekuwa na sheria, mteja aliyedanganywa mara moja huwasimulia majirani.

Vivyo hivyo kwa vipimo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka mizani inayotumika katika biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Mizani iliyohakikiwa humlinda mnunuzi asipunjwe, na humlinda pia muuzaji, kwa kuwa mizani iliyoharibika huweza kumpa mteja zaidi ya alicholipia bila mwenyewe kujua. Mkulima naye hulindwa dhidi ya lumbesa, ule ujazo wa kupindukia unaomfanya alipwe gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia.

Deni linavyokula mtaji

Hakuna jambo linalowasumbua wenye maduka ya mitaani kama kukopesha. Mkopaji ni jirani, ndugu au mwalimu wa mtoto, na kumkatalia ni vigumu. Hata hivyo hesabu haina undugu. Katika mfano wa gunia la mchele, kilo 12 zikikopwa na zisilipwe, muuzaji amepoteza mauzo ya shilingi 31,200. Faida ya gunia zima ilikuwa shilingi 30,000. Kilo 88 zilizobaki zimeuzwa bure, na mtaji umeanza kumegwa.

Anayelazimika kukopesha ajiwekee masharti kabla ya mteja kufika. Aweke kikomo cha jumla ya madeni yasiyozidi sehemu ya faida yake, akopeshe wale tu anaowajua mahali wanapoishi na siku wanayopokea fedha, na aandike kila deni mbele ya mkopaji: jina, bidhaa, kiasi na tarehe ya kulipa. Deni la zamani lilipwe kwanza kabla ya jipya kuandikwa.

Kudai nako kunahitaji ustaarabu. Kumdai mtu mbele ya watu humfanya akasirike na kubadili njia ya kupita. Ujumbe mfupi wa heshima siku moja kabla ya tarehe, kisha mazungumzo ya faragha, hufaa zaidi. Mkopaji aliyekwama apewe nafasi ya kulipa kidogokidogo, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Na anayeombwa mkopo asioweza kuutoa ana jibu lisiloumiza: mzigo huu ni wa mtaji, nikiutoa kesho sitakuwa na cha kukuuzia.

Mazungumzo ya simu na mitandao

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza ilifaa enzi ambazo wanunuzi wote walikutana soko moja. Leo kizuri nacho hakina budi kuoneshwa. Picha iliyopigwa mchana kwenye mwanga wa kutosha, bei, vipimo au saizi zilizopo, na mahali bidhaa inapopatikana ni taarifa nne ambazo mteja huzihitaji kabla hajauliza. Tangazo linalomtaka mteja aandike faraghani ili atajiwe bei huwapoteza wengi, kwa kuwa wanaona bei itategemea sura ya muulizaji.

Ujumbe ujibiwe mapema na kwa ukamilifu. Bidhaa ikiwa imekwisha, mteja aambiwe hivyo na aelezwe lini itapatikana. Anayeahidi kupeleka mzigo saa nne apeleke saa nne, na akichelewa atoe taarifa kabla ya kuulizwa.

Namba za simu za wateja zitunzwe kwa uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililokusudiwa. Kumgawia mtu mwingine orodha ya wateja, au kumwingiza mteja katika kundi la matangazo asilolitaka, huvunja imani yake.

Katika malipo ya simu, muuzaji athibitishe salio katika akaunti yake au namba yake ya malipo kabla ya kukabidhi bidhaa. Ujumbe unaooneshwa kwenye simu ya mnunuzi hautoshi kuwa uthibitisho, kwa kuwa huweza kughushiwa.

Malalamiko ni habari

Mteja anayerudi na bidhaa mbovu amemfadhili muuzaji, maana wengine huondoka kimya na hawarudi. Asikilizwe hadi amalize, aombwe radhi pale anapostahili, kisha aelezwe hatua itakayochukuliwa: kubadilishiwa, kurekebishiwa au kurudishiwa fedha. Kosa likiwa la mteja, aelezwe kwa upole bila kufedheheshwa. Malalamiko yaandikwe. Yakijirudia kuhusu bidhaa moja, tatizo liko kwa msambazaji, na ndipo muuzaji huwa na hoja ya kumpelekea.

Kujisimamia mwenyewe

Biashara ndogo hukua kadiri mwenyewe anavyokua. Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani, ama kwa akaunti mbili au kwa visanduku viwili. Hatua ya pili ni mwenye biashara kujilipa. Tuseme muuzaji wa mchele anauza magunia 4 kwa mwezi. Faida yake ni shilingi 120,000, na baada ya kulipa kodi ya kibanda ya shilingi 30,000 anabakiwa na 90,000. Akijiwekea posho ya shilingi 60,000, shilingi 30,000 hubaki kukuza mtaji. Sukari na unga vinavyochukuliwa dukani kwa matumizi ya nyumbani viandikwe na kukatwa katika posho hiyo.

Daftari lenye safu nne linatosha kuanzia: tarehe, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Lijazwe kila jioni kabla ya kufunga, kwa kuwa kumbukumbu ya wiki nzima haiandikiki Jumapili. Kila mwisho wa mwezi mwenye biashara ajiulize ni bidhaa ipi imetoka haraka, ipi imelala, na ni siku zipi wateja walikuwa wengi.

Kujifunza pia ni sehemu ya mtaji. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa mafunzo ya usindikaji, ufungashaji na usimamizi wa biashara kupitia ofisi zake za mikoa. VETA hutoa stadi za ufundi. Maonesho ya Sabasaba na Nanenane humpa mzalishaji mdogo nafasi ya kuona wenzake wanavyofungasha na kuuza. Na mwili nao una haki yake: asiyepumzika hukasirika upesi, na hasira za jioni humpoteza mteja wa asubuhi.

Mkopo unaofaa na mkopo unaoangamiza

Mikopo iliyopewa jina la kausha damu huvutia kwa sababu hutolewa haraka. Chukulia muuzaji aliyekopa shilingi 200,000 na kutakiwa kulipa shilingi 10,000 kila siku kwa siku 26. Atarejesha shilingi 260,000. Riba ya shilingi 60,000 ni sawa na faida ya magunia mawili, na ni sawa na posho yake yote ya mwezi. Familia itakula nini mwezi huo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kutia saini.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wanaotoa mikopo wawe na leseni au usajili. Mkopaji anayo haki ya kuomba kuuona, kusomewa mkataba kwa lugha anayoielewa, na kubaki na nakala. Zipo pia njia za nafuu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Taarifa za kuunda kikundi na kuomba hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

Urasimishaji

Biashara inayotambulika hufika mahali ambapo isiyotambulika haifiki, kama vile zabuni, benki na maduka makubwa. Namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania bila malipo. Anayetumia jina la biashara lisilo lake binafsi hulisajili BRELA kwa njia ya mtandao, na leseni ya biashara kwa wengi wa kundi hili hutolewa na halmashauri. Msindikaji wa chakula au vipodozi hufuata taratibu za Shirika la Viwango Tanzania. Kwa masuala ya kodi, kumbukumbu za mauzo humwezesha mfanyabiashara kukadiriwa kwa kile alichouza kweli, na kuwa na ushahidi pale asiporidhika na makadirio.

Mfanyabiashara asiyeweza kuyafanya yote kwa siku moja aanze na daftari. Aandike gharama ya bidhaa moja tu anayoiuza zaidi, atoe hesabu ya faida yake, kisha aongeze ya pili. Akishajua kila shilingi imetoka wapi na imekwenda wapi, ataweza kumjibu mteja anayeomba punguzo, jirani anayeomba mkopo, na afisa anayeuliza mapato, bila kubahatisha.