Kitenzi -kimbia na Nomino Mkimbizi: Historia ya Umbo na Matumizi katika Makazi ya Nakivale

Makazi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro karibu na Mbarara, yalianza kupokea wakimbizi kutoka Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye waliwasili Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Makala hii inafuatilia kitenzi kimoja kinachobeba historia hiyo: -kimbia.

Kihistoria, mzizi wa kitenzi hiki uliishia kwa konsonanti /l/: -kimbil-. Konsonanti hiyo imedondoka katika -kimbia, lakini hujitokeza tena katika kauli ya kutendea, -kimbilia, na katika nomino kimbilio. Mbele ya kiambishi tamati -i cha mtenda, /l/ iligeuka kuwa /z/, likapatikana umbo mkimbizi, kama -lea ilivyozaa mlezi. Kwa hiyo hakuna haja ya kulihusisha neno hilo na kauli ya kutendesha, -kimbiza, ingawa maumbo hayo yanafanana. Kinyarwanda na Kirundi vina mwenendo sambamba: guhunga huzaa impunzi.

Mnyambuliko huo una uzito wa kimaana. Kukimbia vita hutaja kinachoachwa. Kukimbilia Uganda hutaja panapotafutwa usalama.

Suala zito zaidi liko katika uambishaji wa njeo. Kiswahili sanifu husema "tulikimbia", na hutumia -ka- kabla ya mzizi kuonyesha tukio linalofuata jingine: "tukakimbia". Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo husikika "tulikimbiaka", ambamo -ka huja mwishoni na huhusishwa na wakati uliopita, hasa wa zamani au wa mazoea. Kiambishi hiki kina asili yake katika lugha za Kibantu. Si kosa la msemaji. Mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu pekee anaweza kukipuuza au kukichukulia kuwa -ka- ya mfuatano. Hapo mpangilio wa matukio katika maelezo ya mwombaji hifadhi hubadilika, na maelezo ya kweli huonekana kujipinga.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima shuleni. Hatua hiyo ni ya maana, lakini mafunzo ya walimu na wakalimani katika eneo la Mbarara hayana budi kujumuisha sarufi ya lahaja za Kongo. Kwa mkazi wa Nakivale, kiambishi kimoja kinaweza kuamua iwapo ataaminiwa.