Uchaguzi wa Papa wa Viterbo (1268–1271)

Uchaguzi wa Papa uliofanyika Viterbo, mji ulioko kaskazini mwa Roma, ndio uliochukua muda mrefu kuliko wote katika historia ya Kanisa Katoliki. Ulianza baada ya Papa Klementi IV kufariki mjini humo tarehe 29 Novemba 1268, ukamalizika tarehe 1 Septemba 1271. Ndio uliozaa sheria ya konklave, yaani kuwafungia makardinali ndani mpaka wampate Papa. Wazo hilo makardinali hawakulipenda hata kidogo. Walilazimishwa na wenyeji waliochoka kungoja.

Kanuni za uchaguzi zilikuwapo. Mwaka 1059 Papa Nikolasi II aliwapa makardinali maaskofu neno la kwanza katika uteuzi, na mwaka 1179 Papa Aleksanda III akaagiza mshindi apate theluthi mbili za kura. Agizo hilo lilikusudiwa kuzuia mapapa wawili wasidai kiti kimoja. Halikuweka kikomo cha muda, na pengo hilo ndilo lililoonekana Viterbo. Upande mmoja wa makardinali ulimuunga mkono Charles wa Anjou, Mfaransa aliyetawala Sicilia. Upande wa pili ulihofia nguvu zake katika Italia. Hakuna uliofikisha theluthi mbili, wala uliokubali kulegeza msimamo.

Wakuu wa mji waliwafungia makardinali katika jumba la askofu. Inasimuliwa kuwa waliwapunguzia chakula hadi mkate na maji. Kisha paa likaezuliwa. Hilo la paa si hekaya: barua ya Juni 1270, iliyoomba Kardinali Henry wa Segusio aruhusiwe kutoka kwa sababu ya ugonjwa, inataja kwamba iliandikwa katika jumba lililoezuliwa. Henry alikuwa mmoja wa wanasheria wakubwa wa Kanisa wa karne ile, naye alikubali kuiacha haki yake ya kupiga kura ili aondoke. Makardinali watatu walifariki kabla ya mwafaka kupatikana.

Machi 1271 Mfalme Philip III wa Ufaransa na Charles walifika kuwahimiza. Wakiwa bado mjini, Henry wa Almain, mpwa wa mfalme wa Uingereza, aliuawa kanisani na ndugu Guy na Simon de Montfort, waliolipiza kisasi cha baba yao aliyeuawa vitani Evesham mwaka 1265.

Hatimaye kazi ilikabidhiwa kamati ya makardinali sita. Walimchagua mtu asiyekuwamo jumbani: Teobaldo Visconti, shemasi mkuu wa Liège, ambaye hakuwa kardinali wala padri. Wakati huo alikuwa Akka, Palestina, pamoja na jeshi la msalaba la Mwanamfalme Edward wa Uingereza. Alifika Viterbo Februari 1272, akapewa upadri, na tarehe 27 Machi akavishwa taji mjini Roma kwa jina la Gregori X.

Gregori hakutaka aibu ile irudiwe. Katika Mtaguso wa Pili wa Lyon, mwaka 1274, alitangaza kwamba makardinali wangoje siku kumi baada ya kifo cha Papa, kisha wafungiwe pamoja bila kuonana na watu wa nje. Baada ya siku tatu wangepewa mlo wa aina moja tu. Baada ya siku tano zaidi, mkate, maji na divai. Wengi wao walipinga, lakini sheria ilipita.

Gregori alipofariki Januari 1276, sheria hiyo ilifuatwa na Inosenti V alichaguliwa Arezzo ndani ya siku moja. Hata hivyo, mwaka huohuo Adriano V aliisimamisha sheria hiyo na Yohane XXI akaifuta. Matokeo yalionekana wazi: alipofariki Nikolasi IV mwaka 1292, kiti kilikaa wazi zaidi ya miaka miwili. Selestino V, mkaapweke aliyechaguliwa Julai 1294, aliirudisha sheria kabla ya kujiuzulu Desemba. Mrithi wake, Bonifasi VIII, alichaguliwa Napoli mwezi huohuo, na mwaka 1298 akaiingiza katika mkusanyo wa sheria za Kanisa.