Huna oskiloskopu? Jaribu kadi ya sauti ya 192 kHz

Wadau, fundi wa amplifaya asiye na oskiloskopu mara nyingi anabahatisha tu: anabadilisha transista mpaka sauti irudi. Kumbe ile kadi ya sauti ya USB ya kurekodia studio inaweza kumwonyesha tatizo liko wapi.

Kadi ya 192 kHz inapima volti mara 192,000 kila sekunde. Kwa kanuni ya Nyquist, inaona mawimbi hadi karibu nusu ya hapo, yaani 96 kHz. Ya 44.1 kHz inaishia 22 kHz. Utasema sikio lenyewe linaishia kama 20 kHz, ya nini zaidi? Ni hivi: amplifaya ikiharibu toni ya 15 kHz, uchafu wake unatokea kwenye 30 na 45 kHz. Kadi ndogo haioni kitu hapo. Halafu kadi hizi ni za biti 24, wakati oskiloskopu nyingi za dijitali ni biti 8, kwa hiyo kelele ndogo zinaonekana vizuri. Programu ya REW ni ya bure: inatoa toni na kukupa upotoshaji kwa asilimia. Kwa kuangalia umbo la wimbi tu, Audacity inatosha.

Sasa hapa ndipo watu wanaunguza vitu. Amplifaya ya wati 100 kwenye ohm 8 inatoa volti 28 hivi, na kilele chake ni 40. Kadi haiwezi kuhimili hiyo. Weka rizista ya 100k kutoka kwenye amplifaya, kisha 1k kwenda ethi, na uchukue waya wako katikati yake: volti inashuka karibu mara 100. Tumia tundu la line, si la maiki, na zima ile 48V.

Amplifaya nyingi za gari ni hatari zaidi, maana waya zote mbili za spika zina volti. Ukiunga ethi ya kadi kwenye mmojawapo, umepiga shoti. Na upande wa umeme wa ukutani wa pawasaplai usiuguse kabisa. Volti zitapita kwenye kadi, zije kwenye laptop, na mikono yako iko juu ya kibodi.

Kabla ya kupima chochote, unga output ya kadi kwenye input yake yenyewe, uone kelele zake. Volti halisi utazipata kwa kucheza toni ya 100 Hz, kuipima kwa mita upande wa AC, kisha kuiambia REW namba hiyo.

Betri haitakupimia, kwa kuwa kadi nyingi zina kapasita inayozuia DC. Amplifaya za class D nazo zinakata umeme kwa mamia ya kHz, hiyo huioni. Kwa kazi hizo, bado tafuta oskiloskopu, hata ya mtumba.