Mlima Meru na Hifadhi Yake

Sogeeni karibu na redio. Anayesoma upesi amsaidie jirani yake. Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu mlima mnaouona kila asubuhi mfunguapo mlango.

Mlima Meru ni wa pili kwa urefu katika Tanzania, baada ya Kilimanjaro. Una sura mbili. Ukiwa Kaloleni wauona mzima. Lakini ukishika njia ya Moshi, ukakata kushoto Usa River na kwenda mpaka Momella, wauona umevunjika. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka. Ikabaki kasoko, yaani shimo kubwa la mlima wa moto, lenye ukuta wa mawe wa karibu meta 1,500. Ndani yake kimesimama kilima cha majivu. Mlima ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910.

Chini yake yapo maziwa ya Momella. Maji yake yana magadi, na heroe huja kula humo, ukingo wa ziwa ukawa mwekundu. Msituni mbega weusi kwa weupe huruka mtini hata mtini. Kusini iko kasoko ya Ngurdoto. Wageni hutazama kutoka juu tu, hawaruhusiwi kushuka. Huko chini nyati hula majani bila kusumbuliwa.

Sasa tuulize: uzuri huu ulihifadhiwaje, nao ni wa nani?

Wakati wa Wajerumani, ardhi nyingi nzuri chini ya mlima walipewa walowezi. Juu, msitu ulifanywa msitu wa serikali. Basi Wameru na Waarusha walibanwa katikati: chini mashamba ya wageni, juu msitu uliokatazwa. Mwaka 1907 mama mmoja Mjerumani, Margarete Trappe, alikuja Momella pamoja na mumewe, wakawa na shamba kubwa. Alikuwa mwindaji hodari, lakini alitenga sehemu ya shamba lake wanyama wasiuawe.

Waingereza walipotawala, shida ya ardhi haikwisha. Mwezi wa Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Ngarenanyuki, kaskazini ya Momella, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza mashtaka ya watu wake. Ardhi haikurudishwa siku ile, lakini dunia nzima ilisikia, na Watanganyika wengi walijifunza kwamba mnyonge aweza kusema akasikiwa. Leo Ngarenanyuki ni kata ya wakulima.

Mwaka 1960 Ngurdoto ilifanywa Hifadhi ya Taifa. Baadaye maziwa ya Momella yakaongezwa. Mwaka 1967, nchi ikiwa huru, Mlima Meru nao ukaingizwa, na hifadhi ikaitwa Arusha.

Basi, ndugu zangu, tukisema mlima ni mzuri, tusisahau watu wake. Waliokaa chini yake walilipa kwa jasho na machozi. Hivyo tunayo haki, na tunao wajibu pia. Msitu ule ndio unaotunza maji ya mito yetu, Themi ukiwa mmojawapo. Akataye miti huko juu amkausha mwenziwe wa huku chini. Na hifadhi si ya watalii peke yao: kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Changeni nauli darasa zima, mchukue na watoto, mkauone upande ule wa mlima usioonekana Kaloleni.

Maswali. Jibuni kwa kuandika:

1. Kwa nini Mlima Meru una sura mbili?
2. Kirilo Japhet alikwenda wapi, na kwa nini?
3. Hifadhi ilianza mwaka gani, na mlima uliongezwa mwaka gani?
4. Msitu wa mlimani wamfaaje mtu wa mjini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.